Elfu Thelathini za Korosho: Riwaya, Kadi ya Nyimbo au Bando?

Katika mnada wa kwanza wa korosho wa msimu wa 2024/25, ulioendeshwa na TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kilo moja ya korosho ghafi ilipanda hadi shilingi 4,120. Mkulima hapati yote hiyo, maana kuna makato kabla hela haijatua kwenye akaunti, na minada iliyofuata ilikuwa na bei zake. Lakini kipimo tumekipata: elfu thelathini ni kama kilo saba na kitu. Tuchukulie kwamba ada za shule zimelipwa, bati limenunuliwa, deni la dukani limefutwa, na katika nyumba moja ya Masasi au Newala imebaki elfu thelathini ambayo mwenyewe ameamua ni ya kujifurahisha. Anapenda hadithi na anapenda muziki. Anunue nini?

Mwenye mshahara hulipwa kila mwezi, na bidhaa nyingi za burudani zimepangwa kumfuata yeye: bando la wiki, malipo ya programu ya mwezi, onyesho la wikiendi ya mwisho wa mwezi. Hela ya uwanda wa Makonde huja kwa mkupuo kati ya Oktoba na Januari, kisha hukauka. Ukinunua burudani inayokatika kila mwezi kwa hela inayoingia mara moja kwa mwaka, mvua za Machi zitakukuta na simu iliyonyamaza. Kwa hiyo kila ninachokilinganisha hapa nakipima kwa swali moja: mwezi wa nne kitakuwepo?

Tuanze na muziki, kwa sababu huko ndiko hela inakovuja kimyakimya.

Mwaka 2021, baada ya wateja kulalamika sana juu ya vifurushi vya simu, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa bei elekezi: MB moja iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa mipaka hiyo GB moja huangukia kati ya shilingi 2,079 na 9,574, kutegemea ukubwa wa kifurushi na muda wake. Anayenunua kidogokidogo ndiye anayeumia. Sasa, wimbo uliobanwa kwa kiwango cha kawaida hula karibu MB moja kwa dakika. Albamu ya dakika 40 ukiisikiliza mara moja mtandaoni imekugharimu kati ya shilingi 81 na 374, kiasi ambacho hakimsumbui mtu. Isikilize kila siku kwa mwezi mzima bila kuipakua, na umetumia kati ya shilingi 2,400 na 11,200 kwa albamu hiyo moja, nayo bado haimo kwenye simu yako. Ukiifuata kama video, hata kwa picha ya wastani tu, dakika moja inaweza kula MB saba au nane, na hesabu yote inazidishwa mara hizo. Vijana wengi husikiliza muziki YouTube huku simu imegeuzwa kifudifudi mezani. Wanalipia picha wasiyoitazama.

Programu za muziki zinafanana kwa sura tu. Spotify ilifungua milango Tanzania mwaka 2021. Ukilipa unaruhusiwa kuhifadhi nyimbo, lakini malipo yakikatika zile ulizohifadhi hazifunguki tena. Kwa mtu wa mshahara hilo halina shida. Kwa mtu wa korosho ni sawa na kukodi godoro. Boomplay nayo ina nyimbo nyingi za hapa nyumbani, na wengi waliikuta tayari imo kwenye simu walipoinunua, ila nayo nyimbo unazozihifadhi kwa kulipia zinakaa ndani ya programu. Audiomack inaruhusu nyimbo nyingi kuhifadhiwa bure na kusikilizwa bila mtandao. Mdundo, kampuni ya Nairobi iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, inakupa faili lenyewe la MP3, bure, lenye tangazo mwanzoni. Tangazo linakera, sikatai. Lakini faili hilo utalihamishia kwenye kadi, redio ya bodaboda, hata simu ya vitufe ya mama, na msanii anapata sehemu ya hela ya tangazo. Kwa kipimo cha mwezi wa nne, kati ya hizo zote Mdundo na Audiomack ndizo zinazopita.

Halafu kuna kibanda cha kurushia nyimbo, chenye sabufa mlangoni na kompyuta yenye kila kitu.

"Kijana, nijazie za Konde na singeli kidogo."

"Folda nzima hii hapa, mjomba. Kadi unayo?"

Hapo hakuna bei ya wimbo mmojammoja tena. Unatoa elfu moja au mbili, kadi inajazwa, unaondoka. Kadi ya GB 8, kwa nyimbo za MB nne nne, inabeba karibu nyimbo 2,000, kwa hiyo ukigawa gharama, wimbo mmoja haufiki hata shilingi kumi, kadi ikiwemo, kama kadi yenyewe uliipata kwa elfu kumi. Hakuna njia nyingine ya halali au ya haramu inayoshindana na bei hiyo. Na kadi itakuwepo mwezi wa nne, na mwaka ujao pia, isipokufa.

Kasoro zake ni tatu. Kwanza, kadi bandia. Imeandikwa GB 32, ndani ina nne. Nyimbo zinaingia vizuri, lakini zilizojazwa mwishoni hazichezi, au zinafuta zile za mwanzo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aijaze mpaka ikaribie kutapika, kisha mcheze wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Akikataa, umeshapata jibu. Pili, faili nyingi za vibandani zimebanwa kupita kiasi ili ziwe ndogo. Kwenye bongo fleva ya taratibu hutaona tofauti kubwa. Kwenye singeli, ambayo mapigo yake huvuka 200 kwa dakika, ngoma na kinanda vinageuka kelele moja ya bati.

Kasoro ya tatu ni kwamba msanii hapati kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi juu ya hilo, na kila mtu kibandani anaijua. Sina hamu ya kumhukumu mtu anayejaza kadi kwa elfu mbili kwenye mji ambao hauna duka la muziki. Lakini ukinunua kwa kulinganisha, linganisha pia nani anaumia. Harmonize, mtoto wa Mtwara, aliondoka WCB Wasafi mwaka 2019 akaanzisha lebo yake, Konde Music Worldwide, na mwaka uliofuata akatoa albamu ya Afro East. Jina la lebo limetoka kwenye kabila lake, na huku kusini watu wanamchukulia kama ndugu aliyefanikiwa mjini. Huyo ana matangazo, ana maonyesho, ana watazamaji wasiohesabika. Kadi yako haitamwangusha. Kijana aliyerekodi nyimbo tatu kwa hela yake mwenyewe, akazipeleka kwa mkono Newala FM au Radio Fadhila ya Masasi zipigwe, hana cha kuegemea. Huyo ukimtaka, mtumie elfu mbili kwa simu, akupe nyimbo zake kwa WhatsApp. Utakuwa umemlipa zaidi ya atakachopata kwa kusikilizwa mara nyingi sana mtandaoni.

Kuna njia ya tatu ambayo huku haijulikani sana, nayo ni ghali. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Zikafuata albamu za Bamba Pana, Duke, Sisso mwenyewe, na Jay Mitta, ambaye albamu yake ya 2019 inaitwa Tatizo Pesa. (Ningependa kumpa tuzo ya jina bora la albamu kwa ajili ya makala haya.) Kazi hizo zinauzwa kwenye Bandcamp, duka la mtandaoni ambalo huchukua asilimia 15 ya mauzo ya faili na kuacha kilichobaki, ukitoa makato ya malipo, kwa lebo na msanii. Ukilipa unapewa faili safi lisilobanwa, ni lako moja kwa moja, na unaweza kulipakua tena simu ikiibiwa. Albamu ya dola nane, kwa dola ya shilingi 2,600, ni 20,800. Unahitaji kadi ya malipo ya mtandaoni, ambayo sasa hufunguliwa hata kutoka kwenye pesa ya simu, na bando la kupakulia. Theluthi mbili za bajeti yetu kwa albamu moja! Kwa nyumba nyingi nisingeishauri. Kwa mwenye DJ wa harusi ndani ya familia, ambaye atapiga nyimbo hizo kwenye spika kubwa kila Jumamosi ya msimu, hesabu inabadilika kabisa.

Mfumo wa wasanii kumiliki lebo, kama Harmonize na Konde yake, una ndugu zake mbali. Glasgow, mji wa Uskoti, bendi ya The Delgados ilianzisha lebo yake ya Chemikal Underground mwaka 1994. Na mwaka huohuo, kwenye tuzo ya Booker ya Uingereza, Mskoti James Kelman alishinda kwa riwaya iliyoandikwa kwa lahaja ya mitaa ya Glasgow, akiwashinda waandishi waliokuwa kwenye orodha fupi pamoja naye, akiwemo Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar na riwaya yake Paradise. Miaka 27 baadaye, 2021, Gurnah akachukua Nobeli. Mwaka 2022 Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mchapishaji Mkuki na Nyota. Nayataja haya kwa sababu msomaji wa Masasi anayetaka riwaya ya kisasa yenye hadhi ya dunia ana uamuzi wa kweli mbele yake. Kelman kwa Kiingereza cha Glasgow, kilichoagizwa kutoka nje kwa bei ya nje, kitamchosha hata aliyesoma mpaka chuo kikuu. Gurnah kwa Kiswahili amechapishwa Dar es Salaam, na msafara wa Peponi unaoondoka pwani kwenda bara hauhitaji maelezo kwa mtu ambaye babu zake waliona misafara.

Basi tuje kwenye riwaya. Duka la vitabu la maana liko Dar es Salaam, karibu kilomita 600 kutoka Masasi. Jambo la kuchekesha ni kwamba Ndanda, ndani ya wilaya ya Masasi, kuna Ndanda Mission Press, kiwanda cha uchapaji cha watawa Wabenediktini. Vitabu vinachapwa jirani, lakini riwaya tunayoitaka inapanda basi.

Gharama ya basi ndiyo ya kujifunza kuicheza. Tuseme riwaya mpya ni 20,000 na mzigo mdogo kwenye basi la kusini unatozwa 5,000. Ukiagiza peke yako, kitabu kimekuwa 25,000, na bado hujatoa ada ya kutuma hela. Mkijikusanya watano mkaagiza vitano kwenye mzigo mmoja, kila mtu analipa 21,000. Mkiagiza vitabu vitano tofauti mkazungushana, kila mmoja amesoma riwaya tano kwa bei hiyohiyo, yaani 4,200 kwa riwaya. Hakuna bando linalofanya hivyo. Walimu ndio wenye nafasi nzuri ya kuanzisha mpango wa namna hii, kwani shule zina watu watano wanaolipwa siku moja. Kwa Newala ongeza usafiri kutoka Masasi au Mtwara. Barabara ya Mnivata hadi Masasi kupitia Newala ilikuwa bado ikijengwa kwa lami vipande vipande, na vumbi lake lilifika mpaka kwenye kurasa. Mwambie anayefunga mzigo atumie nailoni.

Kabla ya kupiga simu Dar es Salaam, pita stesheneri iliyo karibu na shule. Hili ndilo pendekezo ninaloliamini kuliko yote. Vitabu vya fasihi vilivyokuwa kwenye orodha ya shule vilifika hata kwenye miji midogo kwa sababu wanafunzi walivihitaji, na viliuzwa kwa bei ya wanafunzi. Watu wazima huvipita wakidhani ni vya mtihani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999 na kutengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, ilikaa miaka kwenye orodha ya kidato cha tano na sita. Mfadhili ya Hussein Tuwa pia. Takadini na Watoto wa Mama N'tilie zilisomwa kidato cha tatu na cha nne. Tuwa ni mwandishi wa riwaya za mikasa na mapenzi zinazokimbia. Aliyesoma Mfadhili kwa kulazimishwa na mwalimu aisome sasa bila maswali ya "jadili dhamira", ataona kitabu kingine. Na wahitimu wanaomaliza shule huviuza au kuvigawa. Kitabu kilichotumika, chenye mistari ya kalamu chini ya methali, kinaweza kupatikana kwa bei ya chai na vitafunwa vya watu wawili.

Jihadhari na nakala za kudurufu. Si kwa sababu ya sheria peke yake. Hata hesabu haikubali. Riwaya ya kurasa 200, ukidurufu kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi, ni pande 100. Kwa shilingi 100 kila upande ni 10,000, na kuifunga ongeza elfu mbili. Umelipa 12,000 kwa karatasi itakayoachia gundi kabla ya mvua kuisha, wakati kitabu chenyewe stesheneri huenda kisizidi hapo. Nakala bandia zinazouzwa kama halisi hutambulika kwa jalada lililofifia, picha yenye vidoti, na pembe za maandishi zilizokatwa.

Hadithi za simu nazo zina soko lake. Mwandishi anarusha sehemu za mwanzo bure kwenye makundi ya WhatsApp, anakatiza pale binti anapofungua mlango na kumkuta asiyetarajiwa, kisha anakudai elfu moja au mbili akutumie zilizobaki. Ni mtindo uleule wa hadithi za magazeti zilizowalea wasomaji wa Ben Mtobwa na Elvis Musiba, na mimi sioni aibu kuusifu: hela inakwenda moja kwa moja kwa mwandishi, maandishi hayali bando, na faili linabaki. Ubaya ni kwamba nyingi hazijapita kwa mhariri. Wahusika wanabadilika majina katikati. Sharti langu ni moja: lipia hadithi iliyokamilika, usilipie inayoendelea kuandikwa. Mwandishi akipata kazi ya kudumu, hutajua aliyeua.

Umoja wa waandishi wa riwaya, UWARIDI, una wanachama wanaouza vitabu vyao wenyewe. Kumpigia mwandishi, kumlipa kwa simu na kupokea kitabu kwa basi huondoa faida ya mtu wa kati, na wengine watakupunguzia ukichukua viwili. Uliza hilo kabla hujatuma hela, na omba picha ya kitabu kikiwa mkononi pamoja na risiti ya basi.

Na muziki usionunuliwa? Kuanzia katikati ya mwaka, mavuno yakishaingia na watoto wakitolewa jandoni na unyagoni, uwanda mzima unalia ngoma. Sindimba haina tiketi. Ina mchango wa unga, kuku, au noti inayobandikwa kwenye paji la uso la mchezaji, na atakayesema hiyo ni bure hajawahi kukaa karibu na wapigaji wanaomjua kwa jina. Siiweki kwenye hesabu ya bei.

Ningekuwa mwenye elfu thelathini hiyo, ningeigawa hivi. Shilingi 10,000 kwa kadi nzuri iliyojaribiwa mbele yangu, nikaijaza kidogokidogo kwa faili za Mdundo kwa bando la usiku, pale kampuni ya simu inapokuwa nalo, kwa sababu hilo ndilo la bei ya chini; ningetenga elfu mbili kwa ajili hiyo. Elfu mbili nyingine kwa msanii mmoja wa nyumbani, kwa simu. Elfu kumi kwa kitabu cha stesheneri, ama viwili vilivyotumika. Elfu sita zilizobaki ningeziweka kwenye mfuko wa mzigo wa pamoja, na kutafuta wenzangu wa kuchangia bei ya Peponi.

Mwenye kusoma sana kuliko kusikiliza aache kadi, aingize 21,000 nzima kwenye mzigo wa watano na zilizobaki azipeleke stesheneri. Mwenye kusikiliza tu anunue kadi mbili, za wauzaji tofauti, anakili moja kwenye nyingine, na moja aifungie kabatini. Oda ya Dar es Salaam iende mapema Novemba, mara malipo ya minada ya kwanza yanapoingia, kwani kufikia Desemba mabasi ya kusini yanajaa watu na mizigo ya sikukuu, na kifurushi kidogo cha vitabu ndicho cha kwanza kuachwa stendi.